Maswali Yenu ya Magari: Safari ya Rhino Charge Milimani

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu jambo moja, Rhino Charge. Kwa asiyelijua, ni shindano la magari ya porini linalofanyika Kenya kila mwaka, kwa kawaida karibu na Siku ya Madaraka, tarehe 1 Juni. Lilianza mwaka 1989 ili kuchangisha fedha za kuzungushia uzio Milima ya Aberdare, na uzio huo wa kilomita 400 hivi ulikamilika mwaka 2009. Magari yasiyozidi 65 hupewa muda wa saa 10 kupitia vituo 13 vilivyotawanywa porini, na mshindi ni aliyevifikia vyote kwa kilomita chache kuliko wenzake. Kasi haina tuzo. Wanaotuandikia karibu wote ni watazamaji, na majibu haya ni ya watazamaji.

Nina Prado ya mwaka 2008 ya dizeli, iko kama ilivyotoka kiwandani. Nataka kumpeleka mke wangu na watoto wawili. Rafiki zangu wanasema bila winchi, tairi kubwa na kuinuliwa springi nitaaibika. Ni kweli? (Msomaji wa Thika)

Si kweli, na hizo fedha zitakufaa kwingine. Winchi, ile mashine ya gari kujivuta kwa kamba, na kilo zake 40 na ushei juu ya ekseli ya mbele ni ya yule anayeshindana, anayeteremka korongo lisilo na njia. Wewe utapita njia ambayo waandaaji wameifungua hadi kambini, na hapo Prado ya kiwandani inatosha mara mbili.

Kinachowakwamisha watu wenye gari kama lako ni kitu kidogo zaidi: ile L (gia nzito ya magurudumu manne, huandikwa pia 4L) haijawahi kuguswa tangu gari linunuliwe. Prado hiyo huendesha magurudumu manne wakati wote, kwa hiyo mwenyewe hujiaminisha kwamba mfumo mzima ni mzima. Mwezi mmoja kabla ya safari tafuta barabara ya udongo isiyo na watu. Simamisha gari kabisa, weka gia huru, ingiza L, kisha washa kufuli ya difu ya katikati, inayofanya ekseli ya mbele na ya nyuma zizunguke pamoja. Nenda mbele polepole mita 200 kwa mstari ulionyooka, rudi nyuma kidogo, halafu zitoe zote mbili. Taa ya dashibodi ikibaki inapepesa haitulii, kufuli haijashika. Mara nyingi kile kijimota kinachoisukuma kimekwama kwa kutu, au waya wake umeliwa na tope. Fundi anaweza kukifungua na kukisafisha ukimpa wiki mbili. Ukigundua ukiwa bondeni, hana la kukufanyia. Ukishaizoea, ipitishe kila mwezi ili isirudi kulala.

Baada ya hapo mwambie fundi apandishe gari aguse vitu vinne kwa mkono, asivitazame tu: bushi za mikono ya chini, boljointi, misalaba ya propela (ipigwe grisi mpaka ile ya zamani itoke), na beringi za magurudumu. Betri ikazwe kwenye kitako chake. Betri inayocheza hukata nguzo zake kwenye matuta, na huo ndio umeme uliopotea ambao watu huhangaika kuutafuta kwenye fyuzi.

Tairi ziwe za AT (za lami na porini), meno yake yasipungue milimita 6. Spea iwe ya saizi ileile, na itiwe upepo wiki hiyohiyo.

Mahali pa shindano hufichwa mpaka dakika za mwisho. Sasa mtu anapangaje safari? (Msomaji wa Nakuru)

Eneo hufichwa ili washindani wasiende kulikagua mapema. Limewahi kuwa Kajiado, limewahi kuwa Samburu, kwa hiyo jiandae kwa zote mbili: joto kali mchana, baridi usiku, miba, mawe na vumbi. Masika huwa ndiyo yanaisha, kwa hiyo udongo mweusi wa mabondeni unaweza kuwa bado haujakauka.

Panga ukichukulia kilomita 300 hivi kwenda tu. Ada ya mtazamaji na nafasi ya kambi zilipwe mapema kwa waandaaji wenyewe. Eneo likitangazwa, chora njia yako na uweke alama mji wa mwisho wenye kituo cha mafuta kinachoaminika. Hapo ndipo utajaza tangi, hata kama bado limejaa robo tatu. Shusha ramani kwenye simu kabla mtandao haujakata. Ondoka alfajiri. Atakayefika saa kumi na mbili jioni atatafuta pa kupiga hema gizani, na makorongo madogo hayaonekani kwa taa za gari.

Redio za VHF za kuwasiliana gari kwa gari zinahitaji leseni nchini Kenya, usinunue tu dukani ukawasha.

Tuko wanne, siku nne. Mafuta kiasi gani, maji kiasi gani, na yote hayo yanakaa wapi? (Msomaji wa Machakos)

Tuanze na maji kwa sababu ndiyo mazito. Kunywa na kupika hesabu lita 5 kwa mtu kwa siku: watu wanne kwa siku nne ni lita 80, sawa na kilo 80. Ya kuoshea vyombo na nyuso ongeza dumu moja la lita 20. Usitegemee kupata maji kambini.

Mafuta tuyapige hesabu kwa gari la dizeli linalokula lita 11 kwa kilomita 100 za lami. Kwenda na kurudi kilomita 600 za lami ni lita 66. Nje ya lami, kwenye gia nzito, gari hilohilo hula maradufu: kilomita 80 za kuzunguka kambini na kutazama ni lita 18 hivi. Jumla 84. Ongeza robo ya tahadhari, unafika 105. Tangi la Prado linachukua 87, kwa hiyo dumu moja la chuma la lita 20 linakutosha. Madumu matatu ni woga, na kila moja likijaa lina kilo 17 za dizeli juu ya uzito wake lenyewe. Na dumu la mafuta halikai ndani pamoja na watoto.

Pa kuweka: kizito kiwe chini, katikati ya ekseli mbili. Madumu ya maji yalale nyuma ya viti vya mbele, yafungwe mkanda. Juu ya paa weka mahema, magodoro na viti vya kukunja, basi. Kitabu cha gari kinaeleza paa linabeba kilo ngapi, na hesabu hiyo inajumuisha keria yenyewe. Anayepandisha maji na mafuta juu hupanda mlima vizuri kabisa. Shida humpata anapokata mteremko kwa ubavu, gari linapoinama nyuzi chache tu na uzito wa juu ukaanza kulivuta upande.

Watu wa 4x4 huzungumzia kupunguza upepo kama ibada. Nipunguze hadi ngapi, na kwa nini? (Msomaji wa Morogoro)

Tairi yenye upepo mdogo hurefuka pale inapogusa ardhi, ikakanyaga eneo kubwa zaidi, na ikikutana na jiwe hulikumbatia badala ya kurushwa au kutobolewa. Faida ni hiyo. Gharama yake ni kwamba ubavu hujitokeza nje ukawa wazi kwa miba na mawe makali, na tairi hupata joto haraka ukikimbia.

Kwa gari la tani mbili na nusu lenye PSI 34 (PSI ni kipimo cha upepo wa tairi) kwenye lami: barabara ya changarawe iliyojikunja kama bati, 26, na usizidi kilomita 60 kwa saa. Mawe na kupanda milima, 20 hadi 22, mwendo wa kilomita 25. Mchanga wa lugani, yaani mto mkavu, 16 hadi 18. Chini ya 15 ni ya kujinasua tu. Ukikata usukani kwa nguvu tairi inaweza kuchomoka kwenye rimu. Kwenye udongo mweusi unaonata kupunguza upepo hakusaidii sana kwa sababu meno hujaa tope tairi ikawa kipara. Hapo usisimame: gia ya pili ndani ya 4L, mwendo sawasawa, usukani ukitikiswa kidogo kulia na kushoto ili ubavu utafute pa kushika.

Pima tairi zikiwa baridi. Baada ya saa moja ya lami geji itasoma PSI 4 au 5 zaidi, na ukizitoa hizo utakuwa umepunguza mara mbili. Msomaji mmoja wa Nyeri aliuliza pia kama kupanda mlima huongeza upepo. Huongeza kweli: kutoka mita 1,000 hadi mita 3,000 hewa ya nje hupungua shinikizo kiasi cha karibu PSI 3, na geji husoma zaidi kwa kiasi hicho. Lakini huko juu baridi huzidi, na tairi ikipoa kwa nyuzi 20 hupoteza karibu kiasi kilekile. Waache wabishane wenyewe, wewe usiguse valvu.

Kompresa ndogo ya kuchomekwa kwenye betri ni lazima. Nunua ile yenye vibanio vya betri, kwa sababu ya tundu la sigareti hukata fyuzi kabla ya tairi ya tatu. Pamoja nayo beba kamba za kuzibia tairi zisizo na tyubu, na sindano zake mbili, ya kutoboa na ya kupitishia. Mwiba wa mgunga ukichoma uso wa tairi, kamba moja inatosha. Ukipasua ubavu, usijaribu, funga spea.

Tumekwama, wenzetu wako nyuma yetu na kamba. Tufanye nini, kwa mpangilio? (Msomaji wa Kisumu)

Kwanza zima kelele. Watu sita wakimwelekeza dereva kwa pamoja gari huzama zaidi. Mmoja tu aelekeze, asimame mbele ambapo dereva anamwona.

Kisha beleshi. Chimba mbele ya magurudumu yote manne, si lile lililozama peke yake, na uondoe udongo chini ya difu. Gari lililokaa kwa tumbo huvutwa na kamba mpaka kitu kikatike, kwa sababu magurudumu hayabebi tena uzito. Shusha upepo hadi 15. Tumbukiza mawe bapa au plastiki za kukanyagia. Mara nyingi utatoka bila kuvutwa, na hiyo ndiyo sababu tunasema beleshi la mpini mrefu linashinda winchi.

Likikataa, tumia kamba ya nailoni inayovutika, ya mita 9, yenye uwezo wa tani 8 kwa gari la tani mbili na nusu. Hiyo haivutwi kama mnyororo. Gari linalovuta lisogee karibu, mita mbili au tatu za kamba zilale chini kwa umbo la S, kisha liondoke katika 4L gia ya pili, taratibu, mwendo wa mtu anayekimbia mbio za kawaida. Kamba hunyooka, hurefuka, halafu hulirudishia gari lililokwama nguvu iliyohifadhiwa. Aliyekwama naye akanyage mafuta kidogo wakati huohuo.

Sasa hatari. Usifunge kamba kwenye ile tufe ya chuma ya kuvutia trela. Tufe hiyo ikikatika huruka na kamba, hupita kioo cha gari, na imewahi kuua watu. Funga kwenye ndoano iliyofungwa kwenye chesisi kwa boliti, kwa shakeli (pingu ya chuma ya kuunganishia) yenye namba ya tani iliyochorwa juu yake. Isiyo na namba iache dukani. Pini ya shakeli kaza hadi mwisho, kisha uirudishe robo mzunguko isije ikang'ang'ania. Usiunganishe kamba mbili kwa shakeli katikati. Tandika koti zito au mkeka juu ya kamba, na watazamaji wote, watoto hasa, wakae mbali kwa mara moja na nusu ya urefu wa kamba, na kamwe wasisimame mstari mmoja nayo.

Naogopa kushuka kuliko kupanda. Gari langu ni otomatiki. (Msomaji wa Meru)

Woga wako una akili. Kabla ya kushuka simama juu, teremka kwa miguu utazame mpaka chini. Ukirudi weka 4L na gia iliyoandikwa L au 1, toa mguu kwenye mafuta, acha injini ilishike gari. Breki iguse tu kidogo inapobidi. Magurudumu yakianza kuteleza, breki itazidisha; ongeza mafuta kidogo ili yazunguke sawa na mwendo, yatashika tena. Shuka moja kwa moja, usikate kwa ubavu.

Ukipanda ukashindwa katikati, usiweke gia huru hata kwa sekunde. Kanyaga breki, ingiza rivasi ukiwa bado kwenye 4L, achia breki polepole, rudi kwa mstari uleule uliopandia. Anayejaribu kugeuza gari katikati ya kilima ndiye anayebiringika.

Mafuta ya breki nayo yabadilishwe kila miaka miwili, hata kama chupa imejaa. Hunywa unyevu wa hewa. DOT 4 mpya huchemka kwenye nyuzi 230 au zaidi. Ikishalowa, kiwango chake hushuka hadi karibu 155, na mteremko mrefu unafika hapo. Pedali huzama, breki hakuna.

Baada ya shindano tunataka kupita Aberdare kutoka Nyeri hadi Naivasha. Inawezekana kwa siku moja? (Msomaji wa Nairobi)

Inawezekana, ukiingia lango la Ruhuruini asubuhi na kutokea Mutubio. Mbuga inadai gari la 4x4, na mvua zikizidi baadhi ya njia hufungwa, kwa hiyo uliza langoni kabla hujalipa. Malipo ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ni kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, pesa taslimu hazipokelewi. Lipa ukiwa bado mjini kwenye mtandao.

Njia hiyo hupanda juu ya mita 3,000. Injini isiyo na tabo (turbo) hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000, kwa hiyo petroli ya kawaida itapanda kwa robo tatu ya pumzi yake. Shuka gia mapema. Mfuniko wa rejeta ukiwa umechoka utaujua huko, kwa sababu maji huchemka kwenye nyuzi 90 badala ya 100, na shinikizo la mfuniko pekee ndilo linaloyazuia. Kwa sababu hiyohiyo maharage hayaivi. Yachemshwe nyumbani, huko juu yapashwe tu.

Watu nao huumia. Aliyetoka Nyeri asubuhi akafika juu kwa saa mbili anaweza kuumwa kichwa na kukosa hamu ya kula. Anywe maji, asikimbie huko na huko. Akianza kutapika au kuyumba, geuzeni mshuke wakati huohuo, msisubiri chakula cha mchana. Mkilala juu, beba mfuko wa kulalia unaohimili nyuzi sifuri na godoro chini yake, maana baridi hutoka ardhini.

Ndugu wahariri, shikamooni. Natoka Arusha kupitia Namanga. Karatasi gani? (Msomaji wa Arusha)

Marahaba. Pasipoti au hati ya kusafiria ya Afrika Mashariki, kadi halisi ya gari, bima ya Kadi ya Njano ya COMESA (ikatwe kwa kampuni yako ya bima kabla hujaondoka), na kibali cha muda cha kuingiza gari ambacho forodha hukitoa palepale mpakani. Gari likiwa na jina la mtu mwingine au la benki, beba barua yao ya idhini. Pembetatu mbili za tahadhari na kizimamoto viwe ndani.

Kuna nyasi ndefu kule. Nifanye nini? (Msomaji wa Narok)

Swali zuri kuliko yote ya mwezi huu, na hakuna mwingine aliyeliuliza. Nyasi kavu hukwama juu ya bomba la moshi, hasa kwenye gari la petroli, na gari zima huwaka kuanzia chini dereva akidhani ananusa moto wa kambi. Kila kilomita tano simama kwenye uwanda usio na nyasi, inama, vuta nyasi zote kwa fimbo au waya uliopindwa, halafu tazama tena upande wa pili. Mbegu pia huziba rejeta: funga wavu wa mbu wa kawaida mbele yake na uusafishe kila mkisimama. Usiegeshe juu ya nyasi ndefu hata dakika moja, na kizimamoto cha kilo 2 kikae pale dereva anapokifikia akiwa amekaa kitini, si chini ya mahema.